Maswali ya Wasomaji: Kanisa Kongwe, Kuta Zake na Daftari Zake

Toleo lililopita tuliomba maswali kuhusu makanisa ya zamani ya Mtwara na Lindi: historia yake, na namna ya kuyatunza yasianguke. Tumechagua sita. Majibu yameandaliwa na waashi, maseremala na watunza kumbukumbu wanaoandika safu hii.

SWALI: Mimi ni Mmethodisti, nimehamia Mtwara mjini kutoka Meru, Kenya. Kule kanisa letu lina historia ndefu, lakini huku kusini siioni. Wamethodisti hawakufika? Na sisi wachache tunaosali ukumbini, tukitaka kujenga, kanisa la Kimethodisti linatakiwa liweje?

JIBU: Wamisionari wa Kimethodisti kutoka Uingereza waliingilia Mombasa. Thomas Wakefield alifika mwaka 1862, na kwa msaada wa Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyemtangulia pwani, kikafunguliwa kituo cha Ribe, bara kidogo kutoka pwani. Mwenzake, Charles New, alipanda Kilimanjaro mwaka 1871 hadi akaigusa theluji, lakini kazi yao kubwa ilibaki upande wa Kenya. Meru walifika mwaka 1912, na Kanisa la Methodisti Kenya likaanza kujitawala mwaka 1967. Huku kusini mwa Tanzania njia ilikuwa imeshashikwa na wengine: Waanglikana wa UMCA (misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza kwa Afrika ya Kati) waliotokea Zanzibar walianza Masasi mwaka 1876, na Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki wa Kijerumani wa abasia ya St. Ottilien, wakafuata miaka ya 1890. Ndiyo maana ukitafuta kanisa la Kimethodisti la miaka mia moja hapa, hulipati.

Historia yenu basi inaanza na ninyi, na hilo ni jambo la bahati, maana mashahidi wote bado wapo. Nunueni daftari gumu leo. Andikeni ibada ya kwanza ilifanyika lini, nyumba ya nani, nani alihubiri, sadaka ilikuwa kiasi gani, ukumbi mnaoutumia ni wa nani na kwa makubaliano gani. Mambo haya huonekana madogo mwaka wa kwanza, na mwaka wa thelathini watu wanagombana kwa sababu hayakuandikwa.

Kuhusu jengo: John Wesley (1703–1791), mwanzilishi wa Umethodisti, alikufa akiwa bado padri wa Kianglikana, na nyumba zake za kwanza, kuanzia ile ya Bristol, Uingereza, ya mwaka 1739, zilijengwa kuwa nyumba za kuhubiria. Alipoona kanisa la pembe nane huko Norwich mwaka 1757 alilipenda sana, na baadaye akawashauri watu wake wajenge hivyo panapowezekana. Sababu ni sauti: katika jengo fupi na pana, hakuna anayekaa mbali na mhubiri.

Msijenge pembe nane. Paa lake lina migongo minane, kila bati linakatwa kwa mshazari, na vipande vinavyotupwa ni vingi mno. Chukueni wazo lake tu: jengo la mita 8 kwa 12. Upana wa mita 8 kenchi za mbao zinaubeba bila nguzo katikati, na ukihesabu mita 0.8 za mraba kwa mtu mmoja pamoja na njia, wanaingia watu 120. Mimbari iwekwe katikati ya ukuta mmojawapo mrefu, viti viizunguke pande tatu. Kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini: jua la asubuhi na la jioni halitaingia madirishani, na upepo wa kusi na wa kaskazi utapita moja kwa moja.

SWALI: Mtaa wetu uko karibu na Masasi na tunataka kufanya jubilei. Jiwe la msingi lina mwaka wake, kengele ina mwaka mwingine, na wazee wanataja mwaka wa tatu. Tufuate upi?

JIBU: Yote mitatu inaweza kuwa sahihi, kwa sababu kila mmoja unasema jambo tofauti. Jiwe la msingi linataja siku ya kuanza kujenga. Kumalizika kunaweza kuchelewa miaka mingi. Mwaka wa kengele ni mwaka ilipotengenezwa kiwandani, na kengele huhama kutoka kanisa moja kwenda jingine. Wazee mara nyingi wanazungumzia siku injili ilipofika kijijini, wakati watu wakisali chini ya mwembe au katika nyumba ya makuti. Tengeni basi tarehe tatu katika kitabu chenu: kuanza kwa kundi la waumini, jengo la kwanza, na jengo lililopo sasa. Amueni jubilei ni ya kipi kati ya hivyo, mtangaze hivyo.

Mfano mzuri ni Masasi penyewe. Askofu Edward Steere alifika mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani, waliotoka Zanzibar. Kijiji kile kilishambuliwa na Wangoni, waliojulikana huku kama Magwangwara, mwaka 1882, kikachomwa na watu kuchukuliwa. Kundi la waumini basi lina umri mkubwa kuliko jengo lolote lililosimama baada ya hapo. Upande wa Wakatoliki ni vilevile: misheni za Lukuledi (1895) na Nyangao (1896) ziliharibiwa katika Vita vya Majimaji mwaka 1905, na Ndanda ikaanzishwa mwaka 1906. Mtu akiwaambia ukuta fulani wa Nyangao ni wa 1896, mwombeni aonyeshe ulivyopona 1905.

Kuna pia pengo la Vita Kuu ya Kwanza. Wamisionari wa UMCA walikamatwa na Wajerumani na kuwekwa kizuizini hadi mwaka 1916. Mwaka uliofuata, Oktoba 1917, mapigano makali ya Mahiwa yalipiganwa jirani na Nyangao, na nchi ilipoingia mikononi mwa Waingereza, wamisionari wa Kijerumani nao waliondolewa. Miaka ile makanisa yaliendeshwa na mapadri, walimu na makatekista Waafrika. Daftari za ubatizo za kipindi hicho huwa na mapengo, au mwandiko unabadilika ghafla. Msiruke pengo hilo. Tafuteni majina ya walimu hao kwa wajukuu wao, maana hao ndio waliolishika kanisa na majina yao ndiyo yanayokosekana kwenye kuta.

Sasa jengo lenyewe. Tembeeni nalo kutwa nzima, na daftari, futi na penseli. Tafuteni mahali mawe au tofali zinapoishia kwa mstari wima ulionyooka toka chini hadi juu: hapo ndipo jengo liliongezwa, maana mwashi anayejenga ukuta mmoja hufunga tofali kwa kupishana. Pimeni tofali kumi na mchukue wastani. Tofali za kipimo cha Kijerumani zilikuwa milimita 250 kwa 120 kwa 65, za Kiingereza zilikuwa fupi na nene zaidi, karibu 229 kwa 114 kwa 76. Misheni nyingi zilifyatua kwa vibao vyao wenyewe, kwa hiyo kipimo ni dalili, si ushahidi kamili. Pandeni darini mwangalie kenchi: matundu ya misumari yasiyo na kazi yanaonyesha paa limewahi kubadilishwa. Maandishi ya kengele yanakilishwa kwa kuweka karatasi nyembamba juu yake na kuipaka penseli taratibu, na herufi zinajitokeza.

Mkiwahoji wazee, msiwaulize "mwaka gani". Ulizeni kwa matukio: kabla au baada ya kimbunga kilichopiga Lindi Aprili 1952? Wakati mradi wa karanga unaanza Nachingwea (1947) au ulipokwisha? Bandari ya Mtwara ilikuwa imefunguliwa (1954)? Reli ya Nachingwea ilikuwa bado ipo, au ilishang'olewa, yaani mwanzoni mwa miaka ya 1960? Watu walikuwa wamehamia kijiji cha ujamaa? Swali la mwisho ni muhimu sana huku kwetu, kwa kuwa makanisa mengine yaliachwa kwenye vitongoji vya zamani na mapya yakajengwa barabarani kwa jina lilelile.

Kwa nyaraka: kumbukumbu za UMCA zimehifadhiwa maktaba ya Bodleian, Oxford, na nyingine zipo Nyaraka za Taifa za Zanzibar. Nyaraka za Taifa Dar es Salaam zina mafaili ya Wajerumani na vitabu vya wilaya vya wakati wa Mwingereza. Msomaji wetu wa Mtwara anayetafuta habari za Ribe na Meru aandike SOAS, chuo kilichopo London, ziliko kumbukumbu za misheni ya Kimethodisti ya Uingereza.

SWALI: Kanisa letu Lindi ni la mawe. Tulilipiga plasta ya simenti, ikakaa vizuri misimu miwili, sasa inabanduka mapande kwa mapande toka chini hadi kiunoni, na ndani kuna unga mweupe wa chumvi. Fundi anasema tuongeze simenti. Tumsikilize?

JIBU: Hapana. Simenti ndiyo chanzo. Kuta za zamani za pwani zilijengwa kwa mawe na chokaa, au mawe na udongo, bila karatasi ya kuzuia maji kwenye msingi. Unyevu unapanda kutoka ardhini kila masika, na ulizoea kutokea kwa uso wote wa ukuta. Mkifunika uso huo kwa simenti, maji yanakosa pa kutokea. Yanapanda juu zaidi, na chumvi iliyomo inaganda nyuma ya plasta, inavimba na kuisukuma. Ndio unga mnaouona. Hatari kubwa zaidi ipo pale mawe yalipojengewa udongo: udongo unabaki mbichi nyuma ya simenti, unalainika, ukuta unaanza kutoa tumbo, na nje hauonekani kuwa na kasoro. Gongeni kwa kifundo cha kidole. Panapolia mvungu, plasta imeshaachana na ukuta.

Anzeni nje, chini. Miaka ya kufagia uwanja hurundika udongo ukutani, na mara nyingi ardhi ya nje imekuwa juu kuliko sakafu ya ndani. Chimbeni mpaka iwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 hadi 20, mteremko uelekee mbali na ukuta. Msimwage zege kuzunguka kanisa, kwa maana linasukuma maji yote yapande ukutani. Kokoto tupu zinatosha.

Kisha bandueni simenti kwa patasi na nyundo ndogo, kuanzia palipolia mvungu. Palipong'ang'ania jiwe laini paacheni, msije mkang'oa na jiwe. Chumvi ipigwe brashi kavu, ikusanywe kwenye karai na kutupwa mbali. Mkiiosha kwa maji mnairudisha ndani. Baada ya hapo acheni ukuta wazi kiangazi kizima ukauke. Hapa kamati nyingi hukosa subira, na plasta mpya inaharibika kwa unyevu uleule wa zamani.

Chokaa sasa. Kalenda ya kusini inawasaidia kuliko mnavyodhani. Fedha za waumini zinapatikana minada ya korosho, Oktoba mpaka Desemba. Plasta ya chokaa inataka Mei au Juni, mvua zikishakatika na jua halijawa kali. Nunueni chokaa fedha zinapoingia, muilowanishe, muiache shimoni hadi Mei. Chokaa iliyokaa miezi mitano chini ya maji ni laini na inashika vizuri kuliko ya wiki moja, kwa hiyo kusubiri si hasara.

Chokaa mbichi iliyochomwa huchemka ikikutana na maji, inapofusha macho na kuunguza ngozi. Vaeni miwani ya kazi, glavu na viatu vilivyofunika mguu, watoto wakae mbali. Tangulizeni maji, kisha muongeze chokaa kidogokidogo. Msimwagie chokaa maji, maana itaruka. Msitumie ndoo ya plastiki, itayeyuka. Pipa la chuma au shimo lililojengewa tofali ndilo linafaa. Kilo 20 za chokaa mbichi zinataka lita 50 hadi 60 za maji. Koroga mpaka mchemko uishe, chuja kwa wavu wa milimita 3, mimina shimoni, na juu yake pabaki maji sentimita 5 muda wote. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji mengi safi dakika 20 bila kukatiza, kisha hospitali. Mkikosa chokaa mbichi, ya mfuko inafaa: ilowekeni angalau siku moja iwe uji mzito kabla ya kuitumia. Ila msinunue chokaa iliyochomwa kwa matumbawe yaliyong'olewa baharini. Yale ni mazalia ya samaki wetu.

Mchanga uwe wa mtoni, wenye chenga kali, usiwe wa ufukweni. Wa ufukweni una chumvi inayovuta unyevu hewani, na mtarudi palepale. Upimeni: jazeni chupa ya kioo nusu mchanga, ongezeni maji, tikiseni, acheni usiku kucha. Tope lililotulia juu likizidi kidole kimoja kwa kila vidole kumi vya mchanga, osheni mchanga huo au tafuteni mwingine.

Tabaka la kwanza na la pili ni chokaa 1 kwa mchanga 3. La kwanza milimita 10 hadi 12, la pili 8 hadi 10, na la kumalizia ni milimita 3, chokaa 1 kwa mchanga laini 2. Lowesheni ukuta kabla ya kila tabaka. Kati ya tabaka na tabaka acheni siku 7 hadi 14, mpaka ukucha wa dole gumba uache alama ndogo tu. Kwa siku nne mpaka saba za mwanzo tundikeni magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta, myamwagie asubuhi na jioni. Chokaa haigandi kwa kukauka. Inaganda kwa kuvuta hewa ikiwa na unyevu. Ikipigwa na jua siku ya kwanza itapasuka nyufa kama utando wa buibui, na hakuna namna ya kuirekebisha isipokuwa kuikwangua.

Hesabu ya ukuta wa mita 6 kwa 3: mita 18 za mraba, kwa unene wa milimita 20 wa tabaka mbili za kwanza, ni mita za ujazo 0.36. Chokaa inaingia kwenye nafasi za mchanga, kwa hiyo mchanga ni madebe 18 ya lita 20, na chokaa iliyolowekwa madebe 6. Ongezeni asilimia 15 ya kumwagika: madebe 21 na 7.

Mwishoni pakeni chokaa nyepesi, mikono minne au mitano, kila mmoja ukikauka kabla ya unaofuata. Mkono mmoja mzito hubanduka. Rangi ya mafuta na rangi ya maji ya plastiki zisiguse ukuta huu, kwa kuwa zinaziba kama simenti ilivyoziba.

SWALI: Newala: paa letu la mabati linavuja kila msumari. Tumepaka lami, bado. Tubadilishe paa zima?

JIBU: Kwanza angalieni misumari ilipigwa wapi. Ikiwa imepigwa bondeni mwa bati, ndipo maji yanapopita, na lami haitasaidia zaidi ya msimu mmoja. Msumari wa bati unapigwa mgongoni, una mpira au kofia yake, na haugongwi mpaka bati libonyee. Bati lililobonyea hukusanya maji kuzunguka tundu. Mabati yakiwa mazima, ng'oeni, geuzeni mpangilio ili matundu ya zamani yaangukie chini ya bati la juu, na pigeni upya.

Mkinunua, chukueni geji 28. Geji 30 ni rahisi lakini ni nyembamba, inapeperushwa na upepo na inatoboka mapema. Ubavuni bati lipande jirani yake mgongo mmoja na nusu, na kichwani lifunike la chini kwa sentimita 15. Kabla ya kufunika, kagueni kila kenchi inapokalia ukuta. Hapo ndipo mchwa huingilia, kwa vichuguu vyembamba vya udongo vinavyopanda ukutani. Chomeni mbao kwa bisibisi: ikizama bila nguvu, badilisheni kipande hicho. Mkongo unavumilia mchwa, na bado unapatikana kusini kwa kibali cha misitu.

Kama popo wameweka makao, wafukuzeni baada ya watoto wao kuruka, na kinyesi kizolewe kikiwa kimeloweshwa, mkiwa na barakoa. Vumbi lake kavu linaleta ugonjwa wa mapafu.

SWALI: Daftari la ubatizo la zamani limeanza kuchanika. Tulipeleke likapigwe nailoni?

JIBU: Hapana, na selotepu pia msitumie. Vyote viwili huila karatasi, na haviondoki tena. Pigeni picha kila ukurasa kwa simu, mchana, karibu na dirisha, bila flashi, rula ikiwa pembeni, na nambari ya ukurasa ionekane. Nakala mbili, moja ikae nje ya kanisa. Daftari lenyewe lifungwe kwa shuka safi la pamba, liwekwe kwenye sanduku la bati lililoinuliwa juu ya sakafu na lisiguse ukuta, lifunguliwe kila miezi mitatu kukaguliwa mchwa na mende. Mafuta ya taa yasikaribie.

SWALI: Mikindani: nyumba ya zamani tunayosalia ina mlango wa nakshi. Mnunuzi anatoa fedha nzuri, za kutosha paa. Je, ni halali kuuza?

JIBU: Msiuze kabla ya kuonana na Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyokuwapo kabla ya mwaka 1863, na inalinda pia milango na fremu za nakshi za Kiafrika au za mashariki zilizochongwa kabla ya mwaka 1940, hata jengo lenyewe likiwa la baadaye. Andikeni barua, ambatisheni picha ya mlango mzima, picha ya nakshi kwa karibu, na vipimo vya fremu. Barua ipitie ofisi ya utamaduni ya halmashauri, mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wakati mnasubiri jibu, ondoeni bawaba zilizoshika kutu, maana kutu ndiyo inayopasua mbao upande wa fremu, na mfunge mlango kwa bawaba mpya za shaba kwenye matundu yaleyale ya zamani.